Mpira upi wa gofu ununue? Ulinganisho kwa mchezaji wa ridhaa

Muulize mchezaji wa ridhaa kwa nini anatumia mpira fulani, na mara nyingi atakujibu habari za draiva, ile fimbo ndefu ya pigo la kwanza: "Huu unaenda mbali." Ushauri wangu ni kuanzia upande wa pili, kwenye grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo na bendera, kwa kuwa huko ndiko mipira inakoachana kweli. Kwenye tii, pale unapoanzia kila shimo, mpira wa bei ghali na wa bei nafuu hupishana kwa hatua chache tu, na hatua hizo zinatokana zaidi na ulivyopiga kuliko ulichopiga. Lakini ukiwa mita thelathini kutoka kwenye bendera, banka, yaani shimo la mchanga, iko mbele yako na grini ni kavu, mpira mmoja utadunda mara mbili na kukaa, na mwingine utadunda, ukimbie, utokee nyuma. Ukihesabu na mapigo ya pata, fimbo ya kubingirishia mpira kwenye grini, nusu au zaidi ya mikwaju ya mchezaji wa kawaida hupigwa ndani ya mita mia moja. Anayechagua mpira kwa ajili ya draiva anachagua kwa ajili ya mapigo kumi na manne ya raundi, na kuyasahau sabini na ushei.

Isitoshe, habari ya umbali imeshafungwa na sheria. R&A ya Scotland na USGA ya Marekani, ambazo ndizo zinazoandika sheria za gofu, zinataka mpira usizidi uzito wa gramu 45.93 na kipenyo chake kisipungue milimita 42.67. Kasi ya mpira unapotoka kwenye mashine ya majaribio ina kikomo, na umbali wa jumla nao una kikomo. Kampuni kubwa zote zimekwisha kukaribia dari hiyo, kwa hiyo maneno "umbali zaidi" kwenye kasha yapokee kwa utulivu. Hata mpira wa kunyoosha mapigo yaliyopinda uliwahi kutengenezwa, miaka ya 1970, ukiitwa Polara: vibonyeo vyake, vile vishimo vidogo vya juu ya mpira, havikuwa sawa pande zote, na mpira ulijirekebisha hewani. Ndio uliofanya sheria iongeze sharti kwamba mpira uruke sawa kwa namna yoyote utakavyowekwa kwenye tii. Mipira ya aina hiyo bado inauzwa. Ukiipiga na marafiki jioni, hakuna neno; ukiipiga kwenye shindano, unaondolewa.

Ganda kwanza, mengine baadaye

Upasue mpira wa gofu katikati utaona kiini cha raba ngumu na, juu yake, ganda jembamba lenye vibonyeo mia tatu na zaidi. Mpira wa vipande viwili ni hivyo tu, kiini na ganda. Wa vipande vitatu una tabaka jingine katikati, na TP5 ya TaylorMade inafika vipande vitano. Mtu anaweza kupotelea kwenye hesabu hizi, ilhali swali kubwa ni moja: ganda limetengenezwa kwa nini?

Kuna familia mbili. Ya kwanza ni ayonoma, plastiki ngumu ambayo wengi wanaijua kwa jina la Surlyn, ile iliyotolewa na kampuni ya DuPont. Haichaniki kirahisi, haina gharama kubwa kutengeneza, na ndiyo iliyo kwenye Callaway Supersoft, Srixon Soft Feel, Titleist Velocity, Pinnacle na mipira mingi inayouzwa kwa bei ya chini. Ya pili ni yurethani, laini zaidi na yenye kung'ang'ania. Hiyo utaikuta kwenye Titleist Pro V1 na Pro V1x, TaylorMade TP5, Srixon Z-Star, Bridgestone Tour B, na pia kwenye mipira ya bei ya kati kama Srixon Q-Star Tour na TaylorMade Tour Response.

Mpira na uso wa fimbo hugusana kwa muda wa karibu nusu ya elfu moja ya sekunde. Kwa draiva, nguvu ni kubwa hata mpira wote unabonyea, na kiini ndicho kinachofanya kazi kubwa. Ganda halina usemi mwingi. Kwa weji, fimbo ya mapigo mafupi ya kupaa, ikipigwa kwa nusu nguvu, mambo yanageuka. Kiini hakisumbuliwi sana. Ganda linabanwa kati ya mifereji ya uso wa weji na tabaka gumu lililo chini yake. Yurethani inaingia kwenye mifereji, inashika, na mpira unaondoka ukizunguka kinyumenyume kwa kasi. Ayonoma inateleza juu ya uso wa fimbo. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii: mpira wa ayonoma hutoka juu zaidi, na wa yurethani hutoka chini. Anayetazama kwa pembeni atadhani ule uliopaa ndio utakaosimama. Subiri utue. Ule wa chini utadunda mara ya kwanza, mara ya pili utakwama kana kwamba umevutwa, kisha usogee kidogo. Ule wa juu utaendelea kutembea.

Makedi wazoefu, wale wanaowabebea wachezaji mikoba, wanajua hili kuliko wachezaji wengi. Kedi mzuri akishaona jina kwenye mpira wako anabadilisha ushauri: "Mzee, huu hausimami. Utue mbele ya grini, uingie wenyewe." Hapo anakufundisha kwamba mpira wa ayonoma unachezeka vizuri kabisa, ila kwa mkwaju mwingine. Ukipenda kuubingirisha mpira kwa fimbo namba saba au nane kutoka pembeni ya grini, mpira mgumu wa bei nafuu utakutumikia bila kukupunguzia kitu. Ukipenda kuurusha kwa weji juu ya banka, utakunyima.

Uamuzi huu zamani ulikuwa na maumivu zaidi. Kabla ya mwaka 2000 mchezaji aliyetaka mzunguko alinunua mpira wa nyuzi za raba zilizozungushwa na kufunikwa kwa balata, ganda laini linalofanana na raba. Ukiukosea kwa ncha ya chini ya fimbo, ganda lilichanika, na mpira ukawa haufai. Aliyetaka mpira wa kudumu alinunua wa vipande viwili, mgumu. Mwaka 2000 Tiger Woods alihamia mpira wa kiini kigumu wenye ganda la yurethani, Nike Tour Accuracy, uliotengenezwa na Bridgestone, akashinda US Open kule Pebble Beach kwa tofauti ya mikwaju 15. Oktoba ya mwaka huohuo Pro V1 ilianza kutumika kwenye mashindano ya Las Vegas, wachezaji wengi wakaihamia kwa wiki moja, na Billy Andrade akashinda nayo. Baada ya hapo mpira wa nyuzi ulitoweka upesi. Mchezaji wa ridhaa wa leo ananufaika na mapinduzi hayo kuliko anavyofikiri: mpira wa yurethani wa sasa unaenda mbali kwa draiva karibu sawa na ule mgumu, na bado unasimama.

Supersoft dhidi ya Pro V1: wawili wasiofanana

Chukua mipira hii miwili kwa kuwa ndiyo inayoonekana zaidi kwenye mikoba ya wachezaji wa kawaida. Marekani, dazeni ya Supersoft ni dola 25 hivi, na ya Pro V1 ni kama 55. Huku kwetu, mzigo ukishalipiwa usafiri na ushuru, zote hupanda, lakini uwiano unabaki palepale: moja ni zaidi ya mara mbili ya nyingine.

Supersoft ni ya vipande viwili, na kiini chake ni laini mno. Kwenye kipimo cha kubonyea, ambacho kwa mipira ya siku hizi huanzia karibu 30 na kufika 100 na kupita, yenyewe iko pale chini, karibu na 40. Pro V1 iko juu kidogo ya 85. Ukiipiga Supersoft kwa pata inatoa sauti ya chini, iliyofifia. Kwa draiva inazunguka kidogo, na mzunguko mdogo maana yake ni kwamba pigo linalopinda kulia litapinda kidogo chini ya vile ambavyo lingepinda. Sikuahidi kwamba litanyooka. Pigo lililopinda sana litaingia msituni na mpira wowote.

Pro V1 ina vipande vitatu na ganda la yurethani. Kwa draiva, mchezaji wa kasi ya kawaida hataona maajabu. Kwa fimbo namba saba ataona mpira unatua ukiwa na nidhamu zaidi. Kwa weji ya mita arobaini ataona tofauti ambayo haihitaji mashine.

Je, ununue Pro V1? Ukipoteza mipira mitano kwa raundi, hesabu ni hii: kwa bei za Marekani umeacha dola 23 vichakani. Kwa Supersoft ungeacha kumi na ushei. Na kuna gharama nyingine mbaya zaidi kuliko hiyo, ambayo haionekani kwenye risiti. Mtu aliyesimama mbele ya bwawa akijua ameshika mpira wa bei ghali hupiga kwa woga, mikono inakaza, na mpira unaingia majini. Mpira unaokuogopesha haukufai, hata ukiwa bora kuliko yote dukani. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimewaona wachezaji wazuri wakibadilika wakiwa na mpira mpya wa bei kubwa mkononi.

Habari za ulaini

Kuna imani iliyoenea kwamba mwenye swingi, yaani mzungusho wa fimbo, ya polepole lazima atumie mpira laini ili aweze "kuubonyeza", na kwamba mpira mgumu ni wa vijana wenye nguvu. Imani hii ina ukweli kidogo na imekuzwa kuliko inavyostahili. Kila mtu hubonyeza mpira wowote anapoupiga kwa draiva. Wachezaji wa PGA Tour wana kasi ya fimbo ya karibu kilomita 185 kwa saa. Mwanamume wa ridhaa wa kiwango cha kati yuko karibu 150. Kwa wale wa juu, mpira laini mno unapoteza kasi kidogo. Kwa mwenye kasi ya chini, tofauti kati ya laini na mgumu ni ndogo kiasi kwamba haifai kuwa sababu ya kwanza ya kununua.

Ulaini ni habari ya mkono na sikio. Mzee anayependa sauti ya chini kwenye pata, ambaye mpira mgumu unamuumiza viganja asubuhi ya baridi, ana sababu nzuri ya kutafuta Soft Feel, Supersoft au Wilson Duo Soft. Baridi yenyewe ina mchango: raba iliyopoa hairudishi nguvu vizuri, na mtu anayeanza saa moja asubuhi ya mwezi wa Julai kule Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, atausikia kila mpira umekuwa mgumu. Weka mpira wa akiba mfukoni ukae na joto. Lakini usiseme "mpira huu ni laini, kwa hiyo utasimama kwenye grini." Ulaini wa kiini na mshiko wa ganda ni vitu viwili. Supersoft ni laini kuliko Pro V1 na inasimama kwa shida zaidi.

Safu ya kati, ambayo wengi wanairuka

Hapa ndipo ninapowashauri watu wengi watazame. Q-Star Tour na Tour Response zote zina vipande vitatu na ganda la yurethani, zote zina ulaini wa kadiri, karibu na 70 kwenye kile kipimo, na zote zinauzwa Marekani kwa kitu kama dola 35 hadi 40 kwa dazeni. Ziweke kando ya Pro V1 kwenye uwanja wa mazoezi ya weji. Mchezaji wa handikapu 18 (namba ya kiwango cha mchezaji, ambayo kadiri ilivyo ndogo ndivyo alivyo bora) hatazitofautisha kwa kutazama mdundo wa pili. Mchezaji wa handikapu 5 ataona kitu kwenye mapigo kamili ya fimbo za chuma, hasa upepo ukiwepo, na huenda akapenda ugumu wa Pro V1 kwa draiva. Kati ya hao wawili kuna kundi kubwa la watu wanaolipia tofauti ambayo mikono yao bado haijaanza kuitumia.

Pengo kubwa la ubora liko kati ya ayonoma na yurethani. Pengo kati ya yurethani ya kati na yurethani ya juu ni dogo. Bei haifuati mpangilio huo: kupanda kutoka ayonoma hadi yurethani ya kati kunakugharimu dola kumi hadi kumi na tano kwa dazeni, na kupanda tena hadi juu kunakugharimu kumi na tano hadi ishirini kwa faida ndogo zaidi. Mwenye fedha za hatua moja tu, aichukue ile ya kwanza.

Wenye ndugu Marekani wana njia nyingine. Maduka ya Costco yalipotoa mpira wao wa Kirkland Signature mwaka 2016, ulikuwa wa yurethani, dazeni mbili zikiuzwa kwa dola 30 hivi. Acushnet, kampuni inayomiliki Titleist, na Costco walifikishana mahakamani, wakapatana mwaka 2018, na mpira unaendelea kuuzwa ukiwa wa vipande vitatu. Unazunguka sana, na kwa mwenye pigo linalopinda hiyo si sifa njema kwenye tii. Lakini kwa bei yake, ndugu anayerudi likizo akikuletea kasha, lipokee kwa mikono miwili.

Uwanja wako unasemaje?

Ushauri ulioandikwa kwa mchezaji wa Florida unaweza kukupotosha ukicheza Nairobi. Muthaiga, Karen na Royal Nairobi ziko juu ya mita 1,600. Hewa ni nyepesi, mpira unapata ukinzani mdogo, na pigo lile la fimbo namba saba linaloenda mita 140 Mombasa litakwenda kama 148 pale. Wageni wa mashindano ya Kenya Open hufanya hesabu hiyo siku ya kwanza ya mazoezi. Ambalo halisemwi sana ni kwamba hewa nyepesi pia haiubebi mpira vizuri: mzunguko unauinua kidogo tu, mpira unaruka chini zaidi na unatua kwa pembe ya kulala. Ukitua hivyo kwenye grini kavu ya Januari au Februari, unakimbia. Kwa hiyo mchezaji wa nyanda za juu ana sababu kubwa zaidi ya kutafuta mpira unaopaa na kuzunguka, na sababu ndogo zaidi ya kununua "mpira wa umbali". Umbali ameshapewa na mlima.

Pwani ni kinyume. Nyali au Gymkhana ya Dar es Salaam, upepo wa kusi ukiwa umeshika kati ya mwezi wa tano na wa nane, mpira unaozunguka sana ukipigwa kuukabili upepo unapanda, unasimama hewani, unadondoka nusu ya safari. Hapo mpira wa kuruka chini unalipa. Titleist AVX ni yurethani iliyotengenezwa makusudi kwa kuruka chini na kuzunguka kidogo, na kwa mwenye bajeti, hata mpira wa ayonoma wa vipande viwili utaheshimika kwenye upepo kuliko unavyofikiriwa.

Msimu nao una sauti. Masika ikishalowesha grini, kila mpira unasimama. Hata Pinnacle itaacha kishimo na kukaa ndani yake. Anayecheza zaidi miezi ya mvua anaweza kukaa na ayonoma bila hasara kubwa. Na kwenye majani marefu ya kikuyu, nyasi hizi nene za nyanda zetu za juu, majani huingia kati ya uso wa weji na mpira, maji yake yanalainisha mguso, na pengo la magamba yale mawili linapungua sana. Yurethani inaonyesha thamani yake ukiwa kwenye nyasi fupi. Kama mapigo yako mengi ya kuingia grini yanatoka vichakani, tatizo lako haliko kwenye mpira.

Mipira ya bwawani

Kila klabu ina vijana wanaozamia mipira na kuiuza, na wengi wetu tumeanzia hapo. Pro V1 iliyotumika kwa theluthi ya bei inavutia, na mara nyingi ni biashara njema. Ila itazame kwa makini kabla hujalipa. Iweke kwenye mwanga na usome herufi: za kiwandani zina kingo kali, zikiwa nene, zimefifia au zimepinda, huenda mpira umepakwa rangi upya. Pitisha kucha juu ya vibonyeo. Mpira uliosuguliwa na kupakwa rangi una vibonyeo vifupi, vingine vimejaa rangi chini, na vibonyeo ndivyo vinavyoubeba hewani. Mpira usio navyo kabisa ungekwenda kama nusu ya umbali. Rangi ya manjano iliyofifia, kama chai yenye maziwa, ni dalili kwamba umekaa majini muda mrefu, na maji yanayopenya pole pole hupunguza uhai wa kiini. Mkwaruzo mdogo wa njia ya gari si tatizo. Ganda lililochubuka pale weji ilipopita ni tatizo kwa pigo linalofuata.

Kwa yule anayepoteza mipira mingi, chaguo langu ni mipira iliyotumika ya aina moja, safi, kuliko mkoba wa mipira mipya ya kila jina iliyogawiwa kwenye mashindano ya makampuni. Mipira ya zawadi ni ya mazoezi. Kwenye raundi, kubadilisha aina kila shimo kunakuondolea kitu kimoja ambacho mchezaji wa ridhaa anaweza kupata bure: kujua mpira wake utafanya nini ukitua. Sheria inakuruhusu kuanza kila shimo na mpira mwingine, labda kamati ya shindano iwe imekataza, lakini mkono haujifunzi hivyo. Hata kwenye shimo la maji, tumia mpira mkuukuu wa aina ileile.

Jaribu hivi

Nunua vikasha viwili vya mipira mitatu-mitatu, kimoja cha ayonoma na kimoja cha yurethani ya kati. Mwombe kedi au mwenzako azibe majina kwa kalamu ya wino mzito, aweke alama anazozijua yeye. Anza na pata: mipigo ya mita moja na nusu, kisha ya mita kumi, na usikilize. Mpira ambao sauti yake inakukera hutaupenda hata ukiwa na sifa zote. Halafu nenda mita ishirini kutoka kwenye bendera, kwenye nyasi fupi, upige mipira yote sita kwa weji ileile, pigo lilelile. Usitazame inavyopaa. Tazama mdundo wa pili na mahali ilipokomea. Rudia kutoka mita arobaini. Kisha fimbo namba saba, na draiva mwisho kabisa, kwa sababu ukianza na draiva, pigo moja zuri la bahati litakuamulia kila kitu.

Kama mipira imesimama karibu mahali pamoja, jibu ni rahisi: nunua ya bei nafuu, Soft Feel au Supersoft, kulingana na sikio lako, na fedha iliyobaki mlipe mwalimu. Kama ile ya yurethani imekaa waziwazi nyuma ya nyingine, na unapoteza mipira miwili au mitatu kwa raundi, Q-Star Tour au Tour Response ndiyo yako. Anayeanza kabisa, ambaye bado anaugonga mpira kwa juu badala ya katikati, asihangaike na haya. Achukue wowote wa ayonoma, wa manjano au wa rangi ya chungwa, ambao kedi atauona. Tangu 2019 una dakika tatu tu za kuutafuta, na kwenye nyasi kavu za kiangazi rangi hiyo inaokoa mikwaju zaidi kuliko kiini chochote.

Walio na handikapu ya tarakimu moja ndio wenye haki ya kubishana kuhusu Pro V1 na Pro V1x. Ile ya pili ni ngumu zaidi, ina kiini cha sehemu mbili, inapaa juu na inazunguka zaidi kwa fimbo za chuma. Kwa Nairobi ningeielekeza kwa anayepiga chini. Kwa Mombasa ningebaki na Pro V1. Na kwa kuwa Titleist hutoa toleo jipya la mipira hii kila baada ya miaka miwili, mwanzoni mwa mwaka wa namba witiri, 2021, 2023, 2025, toleo lililotangulia hushushwa bei wakati huo. Mchezaji wa ridhaa hatahisi tofauti kati ya matoleo hayo mawili, basi huo ndio wakati wa kununua dazeni mbili au tatu za ile ya zamani na kuziweka kabatini, mbali na joto la buti la gari.